Malori Mawili Yaliyopishana Manyoni

Tandazeni ramani ya Tanzania mezani, wanangu, na mmoja wenu aweke kidole Mwanza. Sasa fuateni barabara kuu taratibu: Shinyanga, Tinde, Nzega, Igunga, kisha mpandishe mlima wa Sekenke mpaka Singida. Msisimame hapo. Manyoni, Dodoma, Gairo, Morogoro. Kidole kimekwenda karibu kilomita 950. Dereva wa lori lenye shehena anaijua safari hiyo kwa mgongo na kiuno.

Juu ya barabara hiyo namweka mfanyabiashara wa madaftari. Nimemtunga mwenyewe, msihangaike kumtafuta. Anauza kwa jumla, ana maghala mawili, moja Mwanza na jingine Dodoma, na kila ghala lina katoni 100. Ni mwishoni mwa Desemba. Wazazi wanahesabu hela za sare, na wenye maduka wanajua kwamba shule zikifunguliwa Januari hawatakiwi kukutwa na rafu tupu. Asubuhi moja zinaingia oda mbili kwa mpigo. Duka la Singida linataka katoni 100. Duka la Morogoro nalo linataka 100.

Ofisini yupo karani ambaye kazi yake ni kuamua oda ipi itoke ghala lipi. Kazi ya kukaa kitini, mtasema, ya mtu mwenye kalamu na kikombe cha chai. Haya, tumtazame akiifanya.

Anaanza na Singida. Iko karibu na ghala gani? Kutoka Dodoma ni kilomita kama 240, kutoka Mwanza ni kama 450. Basi Dodoma ipeleke Singida. Anaandika, anagonga muhuri. Anageukia Morogoro. Dodoma ingefaa sana, kilomita 260 tu hivi, lakini katoni zake zote zimekwisha kuandikiwa Singida. Imebaki Mwanza. Basi Mwanza ipeleke Morogoro. Muhuri wa pili, chai inamaliziwa.

Lori la Mwanza linatangulia kuondoka kwa sababu safari yake ni ndefu. Linapanda Sekenke likihema, linaingia Singida, linapita mbele ya duka la yule mteja anayesubiri madaftari, nalo limejaa madaftari, halisimami. Karatasi inasema Morogoro. Wakati huo lori la Dodoma liko njiani linakuja Singida. Pale Manyoni yanakutana. Madereva wanapigiana honi, utingo mmoja anampungia mwenzake mkono. Ndani ya malori yote mawili mna mzigo uleule: kiwanda kimoja, kurasa idadi moja, jalada rangi moja. Katoni mia zinakwenda huku, katoni mia zinakwenda kule, na mafuta ya dizeli yanaungua pande zote mbili.

Tutie hesabu. Tuseme kubeba katoni moja kutoka Dodoma hadi Singida ni shilingi 1,000, na kutoka Dodoma hadi Morogoro ni shilingi 1,100. Kutoka Mwanza hadi Singida ni 1,900, na kutoka Mwanza hadi Morogoro ni 4,000. Bei nimezipanga mimi, ila nimezifuatisha urefu wa njia. Karani wetu amechagua 1,000 na 4,000. Kwa katoni mia mia ni shilingi 100,000 na shilingi 400,000, jumla laki tano. Angegeuza, Mwanza ihudumie Singida na Dodoma ihudumie Morogoro, angelipa 190,000 na 110,000, jumla laki tatu. Laki mbili zimepotea barabarani bila mwizi.

Nataka mwelewe kwamba karani hakuwa mzembe. Kila alipoulizwa swali alitoa jibu sahihi. Ghala lililo karibu na Singida ni lipi? Dodoma, kweli kabisa. Kosa lake ni kwamba alimtazama mteja mmoja, akamaliza, kisha akamtazama wa pili. Alipokuwa anampa Singida kilicho bora, hakujiuliza anamnyang'anya nani.

Swali la kuuliza ni hili: mteja huyu akikosa ghala lake la karibu, ataumia kiasi gani? Singida ikikosa Dodoma italipa 1,900 badala ya 1,000, yaani hasara ya shilingi 900 kwa katoni. Morogoro ikikosa Dodoma italipa 4,000 badala ya 1,100, hasara ya 2,900. Morogoro ndiyo inayoihitaji Dodoma zaidi, ingawa kwa kilomita Singida iko jirani zaidi kidogo. Basi anayeumia zaidi apewe kwanza. Umbali peke yake unadanganya. Tofauti kati ya umbali wa kwanza na wa pili ndiyo inayosema kweli.

Maarifa hayo yana umri. Mwaka 1930, katika Umoja wa Kisovieti, mtu aitwaye A. N. Tolstoi alichapisha makala kuhusu kupanga mizigo kwenye reli. (Si yule mwandishi wa riwaya nene mnayemsikia, huyo alifariki 1910.) Nchi ilikuwa kubwa kupita kiasi, na chumvi, saruji na bidhaa nyingine zilitoka sehemu kadhaa kwenda miji mingi. Tolstoi alikuwa na tatizo la vituo 10 vya kutolea mzigo na vituo 68 vya kuupokea. Penye vituo viwili vya kutolea, alishauri kila mji upimwe kwa tofauti ya umbali wake hadi vituo hivyo viwili, kisha miji ipangwe kwa tofauti hizo. Ndicho tulichofanya sasa hivi na Singida na Morogoro. Alipiga hesabu zote bila kompyuta, maana hazikuwepo. Miaka mingi baadaye Mholanzi mmoja mwanahisabati, Alexander Schrijver, alizipitia hesabu zile kwa njia za kisasa na kukuta kwamba mpango wa Tolstoi ulikuwa bora kabisa, hakuna wa kuushinda. Kwa mtu mwenye karatasi na penseli, vituo kumi kwa sitini na nane, mimi namvulia kofia.

Kuna njia ya kusahihisha mpango ambao umekwisha kuandikwa, nayo ni tamu kwa anayependa mafumbo. Rudini kwa karani. Chukueni katoni moja tu. Iondoeni kwenye safari ya Dodoma kwenda Singida: umeokoa 1,000. Ipelekeni Morogoro: umelipa 1,100. Sasa Morogoro ina katoni moja ya ziada, kwa hiyo punguzeni moja kwenye lori la Mwanza: umeokoa 4,000. Na Singida imepungukiwa moja, kwa hiyo Mwanza iilete: umelipa 1,900. Mmezunguka duara, mkarudi mlipoanzia, kila ghala limetoa kilekile na kila mteja amepata kilekile. Lakini mmelipa 3,000 na kuokoa 5,000. Faida ni shilingi 2,000 kwa katoni moja tu. Rudieni mara mia, laki mbili zimerudi mfukoni. Mpango ukiwa na duara la namna hiyo, bado haujaiva. Ukitafuta duara la faida ukalikosa, na umelitafuta kila mahali, umefika.

Maghala mawili na maduka mawili ni mchezo. Ongezeni. Maghala yawe 10 na wateja 20, na kila mteja ahudumiwe na ghala moja tu. Mteja wa kwanza ana njia 10, wa pili ana 10, wa tatu 10, na zote zinazidishana. Mkifika kwa mteja wa ishirini mna namba yenye moja mbele na sifuri 20 nyuma yake. Kompyuta inayojaribu mipango bilioni moja kwa sekunde ingehitaji zaidi ya miaka 3,000 kuimaliza yote. Duka la Singida halisubiri hivyo.

Aliyefungua vizuri mlango wa kutokea hapo, bila kujaribu mipango yote, ni Mmarekani George Dantzig. Mwaka 1939 alikuwa mwanafunzi Berkeley, California, na siku moja alichelewa kipindi cha mwalimu wake, Jerzy Neyman. Ubaoni alikuta maswali mawili, akadhani ni kazi ya nyumbani, akayanakili. Siku kadhaa baadaye alimpelekea mwalimu majibu, akaomba radhi kwa kuchelewa, maana aliyaona magumu kidogo kuliko kawaida. Kumbe hayakuwa kazi ya nyumbani. Yalikuwa maswali ambayo wataalamu walikuwa hawajaweza kuyajibu, na mwalimu aliyaandika ubaoni ili wanafunzi wayajue tu. Wiki zikapita, Jumapili moja asubuhi Neyman akaja kugonga mlango wa Dantzig, amejaa furaha. (Hii msiifanye kisingizio cha kuchelewa shule.)

Dantzig huyohuyo, mwaka 1947, akifanya kazi na Jeshi la Anga la Marekani, alitunga njia inayoitwa simpleksi. Haijaribu mipango yote. Inaanza na mpango wowote unaowezekana, inatazama kama kuna badiliko moja la faida, kama lile duara letu, inalifanya, kisha inatazama tena. Kila hatua inapunguza gharama, na mara nyingi hatua si nyingi. Pasipobaki badiliko la faida, inasimama, na hapo una uhakika kwamba hakuna mpango wa nafuu zaidi popote. Hilo la uhakika ndilo linalonistaajabisha. Kubahatisha jibu zuri ni jambo moja, kujua kwamba hakuna zuri kulishinda ni jingine.

Wengine walikuwa wamelizunguka tatizo hilohilo kwa pande zao. Leonid Kantorovich wa Leningrad aliandika kijitabu mwaka 1939 baada ya kiwanda cha mbao kumletea swali la kugawa kazi kati ya mashine. Tjalling Koopmans, mzaliwa wa Uholanzi, alikuwa Washington wakati wa Vita Kuu ya Pili akishughulika na meli za mizigo: meli ikishusha shehena na kubaki tupu, iende wapi kuchukua nyingine bila kuizunguka bahari bure? Mwaka 1975 hao wawili walipewa Tuzo ya Nobeli ya uchumi. Dantzig hakupewa. Nikiulizwa mimi, walimkosea.

Sasa tutoke kwenye karatasi. Katika hesabu zetu oda zote zilikuwa mezani kabla karani hajaanza. Ghalani mambo hayaendi hivyo. Singida inapiga simu saa mbili asubuhi, Morogoro itapiga saa tisa alasiri, na karani hana mganga wa kumwambia. Akitoa katoni za Dodoma asubuhi, alasiri atajuta. Akizizuia kumsubiri mteja asiyejulikana, Singida itanunua kwingine. Ndiyo maana kampuni nyingi hazigawi oda moja moja kadiri zinavyoingia. Zinazikusanya kwa saa kadhaa, kisha zinazigawa zote kwa pamoja, ili ile hesabu ya duara ipate kufanya kazi. Na ghala kama la Dodoma, lililo kwenye njia panda ya wateja wengi, huwekewa akiba isiyoguswa kwa oda ambayo ghala jingine lingeweza kuibeba bila maumivu makubwa.

Kuna oda ya mchanganyiko pia. Duka linataka madaftari na kalamu, madaftari yako Mwanza, kalamu ziko Dodoma. Utume vifurushi viwili, ulipe safari mbili na mteja afungue mlango mara mbili? Au utafute ghala la tatu, hata likiwa mbali, lenye vyote viwili? Mara nyingi safari moja ndefu hushinda mbili fupi, kwa sababu gharama ya kupakia, kuandika hati na kushusha hailingani na kilomita. Unailipa hata kama mteja yuko mtaa wa pili.

Na lipo jambo ambalo vitabu hulipita haraka. Kompyuta inasema Dodoma kuna katoni 100. Rafu ina 93. Tatu zililowa mvua ya juzi, nne zilihesabiwa mara mbili siku ya kupokelewa. Simpleksi ya Dantzig haiwezi kuchungulia rafuni. Itakupa mpango safi kabisa wa kugawa katoni saba ambazo hazipo. Kwa hiyo mtunza ghala anayehesabu kwa uaminifu ni muhimu kuliko programu ya bei ghali, ingawa mshahara wake hausemi hivyo.

Mzigo ukiwa unaharibika, mchezo unakuwa mgumu zaidi. Tazameni Rwanda na damu ya kuongezea wagonjwa. Chembe nyekundu hukaa kwenye jokofu wiki tano au sita hivi. Chembe sahani, zinazosaidia damu kuganda, hudumu siku chache tu, kama tano. Hospitali ya wilaya ikitaka kuwa tayari kwa kila kundi la damu, lazima ijaze jokofu, na mgonjwa wa kundi adimu asipotokea, damu ile inamwagwa. Hospitali jirani siku hiyohiyo inaweza kuwa inaitafuta. Ni sawa na nyumba kumi za mtaa mmoja, kila moja kununua ngazi yake ndefu, wakati ngazi mbili za mtaa mzima zingetosha.

Mwishoni mwa 2016 kampuni ya Zipline ilianza kupeleka damu kwa ndege zisizo na rubani kutoka kituo cha Muhanga, magharibi ya Kigali. Kituo cha pili kilifunguliwa Kayonza, upande wa mashariki, mwaka 2018. Hospitali inaagiza, ndege ndogo inarushwa kama jiwe la manati, inakwenda kilomita 100 hivi kwa saa, inadondosha boksi kwa parachuti, inarudi. Kwa kuwa damu inafika haraka, hospitali hazilazimiki tena kujaza majokofu. Akiba kubwa inakaa katika vituo vichache, na kila chupa inasubiri mgonjwa wa nusu ya nchi, si wa wodi moja. Utafiti uliochapishwa mwaka 2022 katika jarida la The Lancet Global Health ulionyesha kwamba damu iliyokuwa ikiisha muda hospitalini ilipungua kwa asilimia 67. Watu husifia ndege. Mimi nasifia uamuzi wa kukusanya akiba mahali pachache, kwa sababu bila huo ndege ingekuwa inasafirisha upungufu tu.

Limebaki swali ambalo kompyuta hailiwezi. Mzigo usipotosha, nani akose? Maghala yana katoni 150, oda ni 200. Ukiiambia programu ipunguze gharama za usafiri na isijali lingine, itakutii: itawapa walio kando ya barabara kuu, na itawaacha Ukerewe wanaohitaji kivuko, na Mafia walio ng'ambo ya bahari. Kila mara. Si kwamba inawachukia. Kwa namba ulizoipa, wao ndio wa bei ghali. Kwa madaftari ni dhuluma. Kwa dawa ni hatari.

Tanzania ina Bohari ya Dawa, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1993, yenye maghala ya kanda katika miji kama Mwanza, Tabora, Mbeya, Mtwara na Dodoma, na kila zahanati ina kanda yake ya kuitegemea. Mfumo wa kanda una ugumu wake: ghala la kanda moja linaweza kuishiwa dawa ambayo kanda jirani inayo. Lakini unampa mganga wa kijijini jambo ambalo hesabu ya nafuu haimpi, yaani ghala linalojua kwamba yeye ni wa kwake. Anayepanga vizuri huanza kwa kumhakikishia kila mmoja kiwango cha chini, hata aliye kisiwani, kisha kilichobaki ndicho kinachogawanywa kwa hesabu ya gharama. Mpangilio huo huchaguliwa na watu. Kompyuta huletewa baadaye.

Sasa chukueni kalamu, kuna kazi, na hii ni ya nyumbani kweli. Dodoma ina katoni 100, Mwanza ina 100. Morogoro inataka 60, Singida 80, Shinyanga 60. Gharama za Singida na Morogoro ni zilezile za mwanzo. Kwenda Shinyanga, katoni moja ni shilingi 700 kutoka Mwanza na shilingi 2,300 kutoka Dodoma. Duka moja linaruhusiwa kupokea kutoka maghala yote mawili. Anzeni na tofauti. Mkipata zaidi ya shilingi 224,000, rudieni. Chini ya hapo hamtafika.